PIP imekataliwa? Namna ya kuupinga uamuzi, na jinsi pointi zinavyohesabiwa

PIP (Personal Independence Payment) ni malipo ya serikali ya Uingereza kwa wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu. Barua ya kukataliwa PIP ina orodha ya shughuli za kila siku, na mbele ya kila shughuli kuna namba ya pointi ulizopewa: 0, 0, 2, 0. Wengi wetu hatufiki kwenye orodha hiyo. Tunasoma mistari ya kwanza, roho inatutoka, barua inaingia kabatini. Mimi humwambia kila anayekuja na bahasha yake ya kahawia tuanzie kwenye namba, maana kinachopingwa ni namba hizo, moja baada ya moja.

Mwongozo huu ni wa wanaoishi England na Wales. Northern Ireland utaratibu unakaribiana sana, ila ofisi ni nyingine. Scotland wana malipo yao, Adult Disability Payment, yaliyoanza mwaka 2022. Vigezo vyake vinafanana na vya PIP, lakini huko unaomba uamuzi ufanywe upya ndani ya siku 42, na baraza la rufaa ni la Scotland.

Tarehe kwanza, hasira baadaye

Tazama tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Una mwezi mmoja kuanzia tarehe hiyo, si kuanzia siku uliyofungua bahasha, kuiomba DWP, idara ya serikali inayosimamia PIP, iuangalie upya uamuzi wake. Kwenye barua hatua hii inaitwa Mandatory Reconsideration. Usiiruke, kwani bila kuipitia baraza la rufaa halitakupokea.

Piga simu leo kwa namba iliyo kwenye barua. Sema mambo matatu: unaomba uamuzi uangaliwe upya, unaomba nakala ya ripoti ya mpimaji (mtu wa afya aliyekuhoji au kusoma makaratasi yako), na utatuma maelezo na ushahidi kwa maandishi, hivyo wakupe muda kabla ya kuamua. Kama Kiingereza kinakusumbua, omba mkalimani mwanzoni kabisa mwa simu. Ni bure. Andika siku, saa, na jina la uliyezungumza naye. Kisha thibitisha kwa barua au kwa fomu iitwayo CRMR1, na ukienda posta omba uthibitisho wa kutuma, ambao hautozwi pesa. Karatasi hiyo ndogo imeokoa kesi nyingi.

Na kama mwezi umeshapita? Ombi la kuchelewa linaweza kupokelewa hadi miezi 13 tangu tarehe ya uamuzi, mradi ueleze kilichokuchelewesha: ulilazwa, ulifiwa, barua ilikwenda anwani ya zamani, hukuwa na mtu wa kukusomea. Hata DWP wakizikataa sababu zako, ukiwa uliomba ndani ya miezi hiyo 13 bado unaruhusiwa kwenda kwenye baraza la rufaa.

Kabla hujasonga mbele, angalia hili la uhamiaji

Kama hati yako ya ukaazi inasema huruhusiwi kupata fedha za umma, simama hapo kwanza. PIP ni miongoni mwa fedha hizo, na kuendelea kuidai kunaweza kukuharibia mambo yako ya uhamiaji. Ongea na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, si na binamu anayejua mambo.

Kuna pia sharti la ukaazi: uwe umekuwepo nchini wiki 104 kati ya wiki 156 zilizopita. Sharti hili haliwahusu wakimbizi na waliopewa ulinzi wa kibinadamu. Kwa hiyo mkimbizi akikataliwa kwa sababu hajamaliza miaka miwili, hapo hakuna haja ya kubishana kuhusu mgongo wala magoti. Aya moja ya maelezo na nakala ya hati ya ukimbizi inatosha.

Hawapimi ugonjwa

Hapa ndipo wengi tunapopotea. Tunaandika jina la ugonjwa kwa herufi kubwa, tunaambatanisha picha za eksirei, halafu tunashangaa kupewa sifuri. Sheria ya PIP, iliyoanza kutumika mwaka 2013, haitoi pointi kwa ugonjwa wowote. Inatoa pointi kwa namna ugonjwa unavyokuzuia kufanya shughuli 12 zilizoorodheshwa. Hata mtu mwenye saratani anaweza kupata sifuri, na mtu ambaye madaktari bado hawajapata jina la kinachomsumbua anaweza kupata kiwango cha juu.

Shughuli kumi ni za maisha ya kila siku: kuandaa chakula, kula na kunywa, kusimamia dawa na matibabu, kuoga, kwenda chooni na kujisafisha, kuvaa na kuvua, kuongea na kusikia, kusoma, kuwa na watu, na kuamua mambo ya pesa. Mbili ni za mwendo: kupanga safari na kuifuata njia, na kutembea kwenyewe.

Kila kundi lina hesabu yake. Ukifikisha pointi 8 unapata kiwango cha kawaida, ukifikisha 12 unapata kiwango cha juu. Kwa mwaka wa malipo wa 2025/26, kundi la maisha ya kila siku lilikuwa pauni 73.90 au 110.40 kwa wiki, na la mwendo pauni 29.20 au 77.05. Haijalishi una akiba kiasi gani benki wala kama unafanya kazi. Wapo walioacha kuomba kwa sababu tu wana ajira, na ni kosa.

Ndani ya shughuli moja unahesabiwa kigezo kimoja tu, lakini pointi za shughuli mbalimbali zinajumlishwa. Ndiyo maana usidharau pointi mbili mbili. Anayehitaji kukaa kwenye kiti kirefu ili apike (2), vishikio ili aoge (2), kifaa ili avae soksi (2), na kiti cha choo kilichoinuliwa (2) ameshafika 8, bila hata shughuli moja kuwa imemshinda kabisa. Mwaka 2025 serikali ilipendekeza kwamba mtu lazima awe na angalau pointi 4 kwenye shughuli moja, na ujumbe wa kutisha ukasambaa kwenye makundi ya WhatsApp. Pendekezo hilo liliondolewa kwenye mswada Julai mwaka huo huo. Bado wapo wanaoogopa kuomba kwa sababu ya ujumbe ule.

Maneno yana maana zake kisheria, na maana hizo mara nyingi si zile za nyumbani. "Kuandaa chakula" maana yake ni mlo rahisi wa mtu mmoja, wa sahani moja, kutokana na vyakula vibichi, ukipikwa juu ya jiko au kwenye maikrowevu, yaani usawa wa kiuno au juu zaidi. Hawakuulizi kama unaweza kusonga ugali wa watu sita, wala kama unaweza kuinama kutoa kuku kwenye oveni. Wanauliza kama unaweza kumenya, kukata, kuchemsha, na kujua kimeiva. Ukiweza kwa kutumia kifaa ni pointi 2. Ukihitaji mtu akuhimize ni 2. Ukiweza kwa maikrowevu tu ni 2. Ukihitaji mtu akusaidie kwa mikono au asimame karibu kukulinda ni 4. Usipoweza kabisa ni 8.

Kutembea kunapimwa kwa mita. Mita 50 hadi 200 ni pointi 4. Mita 20 hadi 50 bila kifaa ni 8, na kwa fimbo au mkongojo ni 10. Usipovuka mita 20 ni 12. Wengi wetu hatujui mita 20 ni umbali gani, tunasema tu "naweza kufika hadi kituo cha basi". Basi la ghorofa lina urefu wa kama mita 11 kutoka mbele hadi nyuma. Piga picha mabasi mawili yamesimama yakifuatana: unaweza kuyapita bila kusimama, kisha baadaye kidogo ukayapita tena? Ukisema kituo cha basi, pima kwanza kituo chenyewe kiko wapi.

Kuhusu lugha: kutojua Kiingereza hakuna pointi. Kusoma na kuongea hupimwa kwa lugha yako mwenyewe. Ila kama kiharusi kimekuondolea maneno, au macho hayaoni maandishi hata ukivaa miwani, hilo linahesabiwa hata kama maandishi yenyewe ni ya Kiswahili.

Shida hiyo iwe imekuwepo kwa miezi mitatu na inatarajiwa kuendelea kwa miezi tisa mingine. Mguu uliovunjika na kupona baada ya wiki kumi hauingii.

Vipimo vinne vinavyosahauliwa

Kama ungesoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, ningekuomba usome hii. Kanuni ya 4 ya kanuni za PIP inasema kwamba huwezi kuhesabiwa kuwa unaweza jambo isipokuwa unaliweza kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kulirudia kila linapohitajika, na ndani ya muda wa kuridhisha. Kikikosekana kimoja kati ya hivi vinne, sheria inasema huliwezi, hata kama jana ulilifanya.

Muda wa kuridhisha una kipimo: usizidi mara mbili ya muda mrefu kabisa ambao mtu asiye na hali yako angeutumia. Kuvaa nguo kwa dakika 50 si kuweza. Kurudia nako ni wazi: ukipanda ngazi asubuhi, kisha ukalala hadi jioni, hujaweza. Kiwango kinachokubalika kinamhusu, kwa mfano, anayeoga lakini hafikii mgongo wala miguu, akatoka bado mchafu.

Usalama ndio wenye mjadala mkubwa. Chukua mtu mwenye kifafa anayeanguka mara moja kwa mwezi. Wapimaji walizoea kusema: siku nyingi haanguki, kwa hiyo anaoga salama. Mwaka 2017 baraza la juu, yaani Upper Tribunal, liliamua katika kesi ya RJ kwamba lazima kuangalia pia uzito wa madhara yenyewe. Degedege likimkuta mtu ndani ya beseni la kuogea lenye maji, anaweza kufa. Kama hajui lini litakuja, basi anahitaji kusimamiwa kila anapooga, siku zote. Kesi hiyo ilimhusisha pia kiziwi asiyesikia king'ora cha moto akiwa anaoga. Kama hali yako iko karibu na hizi, itaje kesi hiyo kwa jina ndani ya barua yako.

Kisha kuna suala la siku njema na siku mbaya. Kigezo huhesabiwa kama kinakuhusu kwa zaidi ya nusu ya siku za mwaka. Usiandike "wakati mwingine" wala "mara kwa mara", maneno haya hayana uzito mezani kwao. Andika "siku tano kati ya saba".

Isome ripoti ya mpimaji ukiwa na kalamu

Ripoti uliyoiomba kwa simu inaitwa PA4, au PA3 kama hawakukuhoji bali walisoma makaratasi tu. Mpimaji ni mtu wa afya: nesi, mtaalamu wa viungo, mhudumu wa gari la wagonjwa. Yeye anapendekeza tu, anayeamua ni ofisa wa DWP, ingawa ofisa huyo kwa kawaida hufuata alichoandikiwa.

Isome polepole, na kila usipokubaliana piga mstari. Utakuta sehemu ya aliyoyaona mwenyewe: ulikaa dakika 40 bila kuonyesha maumivu, ulifungua mlango, ulijibu maswali kwa ufasaha. Utakuta historia ya siku yako. Na mahali fulani huenda utakuta sentensi inayosema umeeleza kuwa hali yako ni nzuri.

Hii sentensi ya mwisho naijua inakotoka. Mpimaji alifungua mazungumzo kwa kukuuliza hujambo, nawe ukajibu kama ulivyolelewa: sijambo, namshukuru Mungu. Mtu mzima wetu hawezi kumwanzia mgeni kwa orodha ya maradhi. Hata aliyekatwa mguu atasema hajambo kwanza, ndipo aeleze. Kwenye ripoti salamu ile imeandikwa kama jibu la kitabibu. Nimeona pia "nashukuru watoto wananisaidia" ikigeuka kuwa "hana shida nyumbani", wakati neno hilo hilo ndilo lililopaswa kumpa pointi: watoto wanasaidia nini? Nani anamwagia maji? Wazee walisema mficha uchi hazai, na kwenye PIP anayefichwa zaidi ni yule anayeshikwa mkono kwenda chooni. Sijui njia rahisi ya kulizungumza jambo hilo mbele ya mtu usiyemjua. Najua tu kwamba likiachwa, pointi zake haziji.

Majibu ya hoja za kawaida za ripoti si magumu. "Anaendesha gari": ndiyo, la gia za kujiendesha, dakika kumi, mara mbili kwa wiki, na siku ambazo vidole vimevimba haligusi. "Hana daktari bingwa": yuko kwenye foleni ya kumwona, na barua ya foleni hii hapa. "Hakuonyesha maumivu kwenye simu": mpimaji alikuwa kwenye simu, alionaje?

Barua yenyewe

Usiandike kwamba mpimaji ni mwongo. Huenda ni kweli, lakini ofisa anayesoma hawezi kulithibitisha, na nafasi uliyotumia kulalamika ungeitumia kujipatia pointi. Pita shughuli moja moja. Kwa kila inayokuhusu andika walikupa ngapi, unaomba ngapi, na kwa nini. Zile zisizokuhusu ziache kabisa. Ukidai pointi kwenye kila kitu, hata za kweli zitatiliwa shaka.

Linganisha. Mmoja aliandika: "Mikono inaniuma sana, siwezi kupika, nimeonewa." Sasa sikiliza maelezo yale yale yakiandikwa vingine:

"Kuandaa chakula. Mmenipa 0, naomba 4. Nina baridi yabisi ya mikono yote miwili. Siku tano kati ya saba vidole havikunji hadi saa nne asubuhi, na baada ya hapo siwezi kushika kisu kwa nguvu ya kukata kiazi. Februari mwaka huu sufuria ya maji ya moto ilinidondoka nikaungua mguu wa kulia, kumbukumbu za daktari zimeambatanishwa. Tangu hapo dada yangu ndiye anayemenya, anayekata na anayemwaga maji. Akisafiri nakula mkate na maziwa. Kwa hiyo siwezi kuandaa mlo kwa usalama bila mtu wa kunisaidia."

Kuna siku, kuna tukio, kuna anayesaidia, kuna kinachotokea asipokuwepo, na kuna neno la sheria. Iandike kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu ukianza moja kwa moja kwa Kiingereza usichokizoea utaandika kile unachoweza kukisema badala ya kilichotokea. Kisha mtu akutafsirie.

Ushahidi: kidogo kilicho sahihi hushinda rundo. Barua ya daktari isemayo "ana kisukari na shinikizo la damu" haisaidii, kwa kuwa hilo hakuna anayelibisha. Omba nakala ya kumbukumbu zako kutoka kwa GP, yaani daktari wako wa kawaida, ni haki yako. Orodha ya dawa inaonyesha ukali wa maumivu. Ripoti ya yule mtaalamu aliyekuja kufunga vishikio bafuni, wanayemwita OT, ni dhahabu, kwani alikuona nyumbani kwako ukihangaika. Anayekuhudumia naye aandike barua: anafanya nini, saa ngapi, na aliona nini kwa macho yake. Shajara ya wiki mbili inatosha, mistari miwili mitatu kwa siku. Lakini usisubiri barua ya daktari hadi mwezi upite. Tuma ombi, sema ushahidi unafuata.

Tahadhari moja kwa aliyepewa kiasi fulani na anataka zaidi: wakiangalia upya wanaangalia yote, na wanaweza kupunguza. Piga hesabu ya pointi ulizo nazo, uone zipi zimesimama imara, kabla ya kuamua.

Jibu likirudi lile lile

Mara nyingi litarudi lile lile, baada ya wiki kadhaa au miezi. Usilichukulie kama hukumu ya mwisho. Barua hiyo, yenye kichwa Mandatory Reconsideration Notice, ndiyo tiketi yako ya baraza, itunze.

Una mwezi mmoja tena kutoka tarehe yake kukata rufaa, mtandaoni au kwa fomu SSCS1. Hakuna ada. Ukichelewa, baraza linaweza kukuruhusu hadi miezi 13 ukieleza sababu. Baraza hili liko chini ya mahakama, si chini ya DWP, na PIP husikilizwa na watu watatu: jaji, daktari, na mtu mwenye uzoefu wa mambo ya ulemavu. Kwa miaka mingi sasa, zaidi ya nusu ya rufaa za PIP zinazosikilizwa hapo zimewaendea vizuri walioomba.

Fomu itakuuliza unataka kusikilizwa au kesi iamuliwe kwa makaratasi. Chagua kusikilizwa: ana kwa ana, kwa video, au kwa simu. Makaratasi hayakohoi wala hayachechemei. Itakuuliza pia kuhusu mkalimani. Jaza ndiyo, hata kama Kiingereza chako cha dukani ni kizuri, na taja Kiswahili cha wapi. Mzungumzaji wa Kibajuni au Chimwini, au mtu wa Bukavu, akiletewa mkalimani wa Kiswahili sanifu anaweza kupotezewa nusu ya maelezo. Sema mapema. Na usimfanye mtoto wako mkalimani, kwani kuna maswali ya chooni na bafuni ambayo hutayajibu kweli mbele yake.

DWP wana siku 28 kujibu rufaa. Utapokea kitabu kinene chenye kurasa zilizopigwa namba. Usiogope unene wake, sehemu kubwa ni fomu uliyoijaza wewe na ripoti unayoijua. Tia alama kurasa utakazotaka kuzitaja.

Huenda kabla ya siku ya baraza simu ikalia, ofisa wa DWP anakuambia wako tayari kukupa kiwango fulani. Huna ulazima wa kujibu palepale. Uliza ni pointi ngapi na kwenye shughuli zipi, uliza malipo yanaanzia tarehe gani, omba muda wa kushauriana. Ikiwa ndicho ulichokuwa ukidai, kubali ukapumzike. Ikiwa ni nusu yake, unaruhusiwa kusema hapana na kuendelea na rufaa.

Siku ya kusikilizwa

Ni chumba cha kawaida chenye meza, si mahakama ya kwenye televisheni. DWP wanaweza kuleta mwakilishi, mara nyingi hawaleti. Daktari atauliza mengi, jaji atauliza ya sheria. Wanauliza kuhusu hali yako ilivyokuwa tarehe ya uamuzi, si leo. Kama umezidiwa baada ya tarehe ile, hilo hawaruhusiwi kulihesabu, na njia yake ni kuiarifu DWP au kuomba upya.

Wakikuuliza "unaweza kuvaa mwenyewe?", usikimbilie kujibu, meza mate kwanza. Kwa usalama? Vizuri? Tena kesho? Kwa muda gani? Jibu zuri huanza na "nikijaribu, kinachotokea ni hiki". Ukihitaji kusimama, simama. Maumivu yakija, usiyabane kwa heshima. Ukiulizwa ulikujaje, eleza safari nzima: nani alikuleta, mlisimama mara ngapi, utalala kiasi gani ukirudi. Nauli hurudishwa, tunza risiti.

Usizidishe chumvi. Hawa watatu wamesikiliza watu wengi, na ukisema huwezi kabisa kitu ambacho ukurasa wa 47 unaonyesha unakiweza, watapunguza imani kwenye mengine yote.

Uamuzi hutolewa siku hiyo hiyo au kwa posta. Ukishindwa, una mwezi mmoja kuomba maelezo ya maandishi ya sababu. Bila maelezo hayo ni vigumu sana kwenda mbele. Upper Tribunal haisikilizi tena habari za magoti yako, inaangalia kama baraza lilikosea sheria: kwa mfano, halikusema lolote kuhusu usalama wakati uliutaja, au liliukataa ushahidi bila kueleza. Hapo tafuta mshauri. Citizens Advice, vituo vya sheria, na baadhi ya halmashauri huwa na watu wa kazi hii bila malipo. Anayekuambia umpe asilimia ya malimbikizo, mwage mapema.

Ukishinda, malimbikizo huhesabiwa tangu ulipoomba, na huchukua wiki kadhaa kuingia. Wakati unasubiri, fanya haya: iambie halmashauri na ofisi ya Universal Credit (fao la wenye kipato kidogo) kama unalipata, kwa kuwa nyumba yenye PIP haiguswi na kikomo cha jumla cha mafao. Kama umepata pointi 8 au zaidi kwenye kutembea, omba kadi ya maegesho, Blue Badge. Na kama una PIP ya maisha ya kila siku na kuna mtu anayekuhudumia saa 35 au zaidi kwa wiki, pengine yule yule dada aliyekuwa akimwaga maji ya viazi, mwambie aulizie Carer's Allowance, yaani posho ya anayemhudumia mtu, lakini mkae kwanza na mshauri, kwa sababu fedha yake inaweza kupunguza baadhi ya mafao yako wewe.